Umbali wa Kuonana na Kusikiana

Shambani,
Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta umelala vizuri na kuamka na nguvu, na kwamba supu ya huko hospitalini imeanza kutiwa chumvi, maana mara ya mwisho ulimwambia Bibi kwa simu kuwa ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Hapa nyumbani sote tu wazima. Magoti ya Bibi yanamsumbua akipanda ngazi za nyumbani, lakini akipanda ngazi za kanisani hayamsumbui, naye anasema huo ni ushahidi tosha kwamba Mungu yupo. Theluji imefika chini kidogo ya dirisha la banda. Paka wote wawili bado wanakwenda bandani kila alfajiri, saa ile ya kukamua, wanakaa palipokuwa pakiwekwa ndoo na kungoja. Bibi huwapelekea maziwa ya dukani. Wanayanywa, lakini wanamtazama kama mtu aliyewapunja.

Nakuandikia ili nikueleze habari za siku ya ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu. Najua Baba Mdogo Verlyn alikupigia simu, lakini Baba Mdogo akishika simu hugeuka mtu mwingine. Bibi alikuwa karibu naye, akasema alikueleza mambo yote kwa maneno manne: baridi, dume mmoja, salama.

Unaikumbuka kanuni ya kambi yetu ya wawindaji kuliko mimi. Dungu la kuvizia mtini ambalo asubuhi ya ufunguzi halina mtu wa ukoo wake ndani laweza kuombwa na mwingine, na likishaombwa halirudi. Bwana Lyle Poppe amelitamani dungu letu la kwenye mwerezi uliopinda tangu siku za Babu. Mwezi wa kumi alikuja hapa na mkate wa tufaha uliookwa na mkewe, akakaa jikoni, akamuuliza Bibi hali yako kwa adabu kabisa, kisha akasema ni huzuni dungu zuri kama lile kukaa tupu. Bibi akamjibu kwamba halitakaa tupu. Bwana Poppe akauliza nani atakaa. Bibi akaninyooshea kijiko. Bwana Poppe akacheka, si kwa ubaya, akasema kwamba Maren ana miaka kumi na mitatu, na sheria ya Wisconsin haimruhusu kukaa na bunduki peke yake, na Verlyn ana mapacha wake wa kuangalia, sasa huyu binti atakwenda na nani, na paka?

Bibi akamwambia, "Atakwenda na mimi, Lyle. Kula mkate wako, unapoa."

Baba, unajua Bibi hajawahi kushika bunduki maisha yake yote. Amewapikia wawindaji miaka hamsini na hata siku moja hakutaka kujua nyama ilivyopatikana. Lakini sheria haisemi lazima yule mtu mzima ajue kulenga. Mwalimu Ostrowski alitusomea yote darasani mwezi wa nane, tulipokuwa tukijifunza usalama wa bunduki kule kituo cha zimamoto. Mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minne asiwinde na bunduki isipokuwa yuko na mzazi, au mlezi, au mtu mzima ambaye mzazi amemteua, nao wawe katika umbali wa kuonana na kusikiana bila msaada wa chombo. Simu haikubaliki wala redio haikubaliki. Chombo kimoja tu kimeruhusiwa, nacho ni kifaa cha masikio cha mtu asiyesikia vizuri. Aliposoma hapo darasa zima likacheka, nami nikamfikiria Bibi.

Ndiyo maana Bibi alikuuliza siku ile kwenye simu kama unamteua. Nawe ukasema ndiyo. Hukujua alikuwa amesimama na mkono mmoja juu ya bega langu.

Baada ya hapo Bibi akasema hawezi kwenda porini kama gunia la viazi, lazima naye asome. Sheria haikumtaka asome, kwa kuwa amezaliwa zamani mno, lakini aliingia darasa la mwezi wa kumi akakaa nyuma ya watoto wa miaka kumi na mmoja, akifuma kofia ya rangi ya machungwa, ile wanayovaa wawindaji ili waonekane. Mtihani wa kwanza alianguka. Kila swali lililouliza ufanye nini ukipotea msituni, alijibu kwamba usingetoka nyumbani. Mwalimu Ostrowski alimwambia kwamba jibu hilo lina hekima lakini halina alama. Mara ya pili alifaulu, na cheti chake amekibandika kwa sumaku kwenye friji, juu ya changu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Baba Mdogo alituchukua kabla hakujapambazuka. Bunduki niliyotumia ni ile ndogo ya Mama Mdogo, naye Baba Mdogo aliibeba ndani ya mkoba wake mpaka chini ya mwerezi, akanikabidhi hapo mbele ya Bibi. Mapacha walinitania kwamba nimekwenda vitani na mpishi. Bibi aliwaambia kwamba mpishi ndiye anayeamua nani ale.

Kumpandisha Bibi kwenye dungu ilikuwa kazi. Mimi nilikuwa juu nikimvuta, Baba Mdogo alikuwa chini akimsukuma huku akimwomba radhi, na Bibi katikati akisema, "Verlyn, nimekuzaa mimi, acha aibu, sukuma." Alipofika juu alikaa kwenye kile kiti ulichokitengeneza kwa ubao wa banda, akafunika magoti kwa blanketi, akatoa chupa ya kahawa na sandwichi za soseji, na kabla jua halijatoka zilikuwa zimekwisha.

Bwana Poppe alipita njiani kwenda kwenye dungu lake. Alisimama, akatazama juu, akatuona wawili na nguo zetu za rangi ya machungwa. Alinyanyua kofia yake. Nadhani hapo ndipo dungu lilipookoka, Baba. Yaliyofuata yote yalikuwa nyongeza.

Dume alikuja jua likiwa limekwisha panda juu ya miti. Alitoka kwenye misonobari upande wa kijito, palepale ulipokuwa ukisema watatokea, akasimama ubavu kwangu akinusa hewa. Pembe zake zilikuwa kama kiti kilichopinduliwa. Niliinua bunduki polepole. Nikanong'ona kumwambia Bibi kwamba yupo. Hakujibu. Nikanong'ona tena. Nikamtazama kwa pembe ya jicho, naye alikuwa ameketi wima na kofia yake ya kufuma imeshuka mpaka kwenye nyusi, anatazama kijito kwa utulivu mkubwa, na hakuwa ananisikia hata kidogo. Baadaye alinieleza kwamba upepo ulikuwa ukipiga filimbi ndani ya kile kifaa cha masikio, kwa hiyo alikizima ili apumzike, akasahau.

Baba, huenda utanicheka. Nilikuwa na dume mbele ya macho yangu na kidole kando ya kifyatulio, nikawaza kwamba kama Bibi hanisikii, basi niko peke yangu na bunduki. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya kahawa yake, lakini kama ningesema neno lisingemfikia. Nikashusha mtutu, nikafunga kifungio cha usalama, nikamvuta mkono. Alishtuka, akaona dume, akaingiza vidole chini ya kofia na kuwasha kifaa, nacho kikapiga kelele, piiii, kama birika lililochemka. Yule dume aliruka juu kama mtu aliyeitwa na polisi. Sikumwona tena.

Jioni kambini walitukalisha karibu na jiko ili tutoe ushahidi. Unajua desturi: anayekosa shabaha hukatwa pindo la nyuma la shati, likaandikwa jina na mwaka na kupigiliwa msumari ukutani pamoja na mengine. Bwana Poppe alitaka pindo langu. Baba Mdogo alisema haiwezekani kumkata mtu ambaye hakufyatua, hajakosa, amekataa tu. Wakabishana mpaka viazi vikaungua. Mapacha walisema niliogopa. Hapo Bibi akasimama, akasema kwamba Maren hakuogopa wala hakukosa, aliyekosa ni yeye na sikio lake, na kama wanataka pindo, hili hapa. Akageuka, akawapa mgongo. Hakuna aliyethubutu kushika mkasi. Mwishowe Bwana Poppe mwenyewe ndiye aliyekata, kwa uangalifu kama fundi cherehani, akaandika: Bi Delores Zastrow, sikio. Limepigiliwa chini ya lile la Babu na karibu na yako matatu. Bibi alilitazama usiku kucha walipokuwa wakicheza karata, huku akiwashinda wote.

Kulikuwa na utani mwingine pia, nao sikuucheka. Bunduki ya Babu ilitajwa. Baba Mdogo aliwaambia kwamba haikuja mwaka huu kwa sababu komeo lake limepotea, kile chuma cha nyuma kinachovutwa ili risasi iingie. Mmoja akasema bila shaka umelidondosha ziwani ukivua samaki, mwingine akasema umelitumia kufungulia chupa. Walicheka kwa upendo, Baba, walikuwa wakikukumbuka, na kila mmoja alisema kambi haina ladha bila wewe. Lakini mimi niliinama nikaendelea kumenya viazi, maana nilijua lilipo.

Hili ndilo nililokaa kuandika, nami nimelizunguka kurasa zote hizi. Bibi alimuuliza daktari wako kwanza kama naweza kukuandikia, naye alisema naweza.

Komeo nililichukua mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Bunduki nyingine ulikuwa umeziuza pamoja na mashine za kukamulia, ukabakiza hiyo moja ya Babu. Sikujua la kufikiri. Nilijua tu kwamba tangu lori lilipoondoka na ng'ombe ulikuwa ukikaa bandani bila kuwasha taa, na kwamba ulimpa Baba Mdogo kisu chako kizuri bila sababu, na mimi ukanipa saa yako, ukasema ni kubwa kwangu lakini nitakua. Mwalimu Ostrowski alitufundisha kwamba nyumbani kukiwa na mtu ambaye moyo wake hauko sawa, bunduki iondoke kwanza na maswali yaje baadaye. Nikataka kuiondoa. Nilifikiria kuifunga kwa blanketi na kuipeleka kwa Baba Mdogo kwa baiskeli. Lakini mtoto wa umri wangu haruhusiwi kutembea barabarani na bunduki bila mtu mzima, na mtu mzima wangu ulikuwa wewe. Nikawaza kumwambia Bibi, nikashindwa kupata maneno ambayo baada ya kuyasema ningeweza kukutazama.

Basi nikakumbuka kwamba bunduki isiyo na komeo ni bomba na kipande cha mti. Komeo peke yake ni chuma tu. Sheria haina neno juu ya mtoto aliyebeba chuma. Nililitoa ulipokwenda mjini, nikalivika soksi, nikaliweka ndani ya kopo la vyuma vya kukatia biskuti za Krismasi, chini ya kile chenye umbo la nyota na kile cha ng'ombe, kwa kuwa kopo lile halifunguliwi mpaka Sikukuu ya Shukrani ipite. Nilidhani kufikia hapo ama utakuwa umepona, ama nitakuwa nimepata la kufanya.

Kisha ikaja ile alfajiri ya Jumapili. Nilikuwa mezani nikimalizia kazi ya shule. Ulishuka saa ya kukamua, umevaa koti la kanisani, bunduki ya Babu mkononi. Ulisimama mlangoni. Ulitazama pale palipo wazi kwenye bunduki, kisha ukanitazama mimi, muda mrefu, na mimi nikatazama hesabu zangu. Sijui kama ulijua. Mpaka leo sijui. Uliiegemeza ukutani polepole, kama mtu anayelaza mtoto, ukakaa kwenye kiti cha pembeni bila kuvua koti. Ukasema, "Maren, kamwite Bibi yako."

Nilipanda ngazi nikikimbia. Hayo mengine unayajua, Bibi kukushika kichwa, Baba Mdogo kuja na gari.

Sijawahi kukuibia kitu, Baba, isipokuwa hicho. Sikuombi radhi, kwa sababu ulinifundisha nisiombe radhi ambayo siimaanishi. Ningelichukua tena. Lakini sikutaka uendelee kudhani kwamba wewe ndiye mzembe uliyelipoteza, wala sikutaka wakutanie ziwa na chupa mwaka mzima, na wewe hupo kuwajibu.

Jana Bibi alisema tutaanza kuoka biskuti leo. Niliingia stoo mapema ili nilihamishe. Soksi yangu haikuwepo. Komeo lilikuwa palepale, chini ya ng'ombe, lakini limefungwa ndani ya kitambaa cha maua kilichotoka kwenye gauni la zamani la Bibi, nalo lilikuwa limepakwa mafuta vizuri kabisa. Nilitoka nalo nikamkuta anakanda unga. Aliniambia kwamba aliligundua wiki ileile uliyoondoka, alipokwenda kutafuta mdalasini. Akasema soksi huvuta unyevu, chuma kingeota kutu, na kitu cha Babu si cha kuachwa kioze. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema na mimi mbona sikusema. Tukarudi stoo tukakaa juu ya gunia la viazi, mpaka unga wake ukaota ngozi.

Mchana tulimpelekea Baba Mdogo. Bibi ndiye aliyelibeba na mimi ndiye niliyesema. Baba Mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Alilifungia ndani ya sefu yake pamoja na bunduki ya Babu, akasema vitakaa humo mpaka wewe na daktari wako mseme vinginevyo, na kama hamtasema kamwe, sefu yake haina njaa. Kisha akaniuliza kama naweza kuwasaidia mapacha wake katika hesabu. Nadhani alitaka tu nikae kidogo.

Mwezi wa tatu natimiza miaka kumi na minne. Sheria itaniruhusu kukaa kwenye dungu peke yangu. Bwana Poppe ameshaniambia kwamba mwakani nitakuwa huru na sikio la Bibi. Lakini sitaki kukaa peke yangu, Baba. Nataka ukae wewe pale alipokaa Bibi. Huna haja ya kushika bunduki, mwakani wala mwaka mwingine wowote. Kazi ya kushika ni yangu. Wewe uje na kahawa tu. Nimefikiria sana yale maneno ya kuonana na kusikiana, na naona waliyaandika kwa ajili ya watoto kwa sababu hawakuthubutu kuwaambia watu wazima. Mimi nakuambia wewe. Uwe mahali ambapo nikitazama nitakuona, na nikinong'ona utajibu. Dume akija na wewe hujibu, nitashusha mtutu, kama nilivyoshusha mwaka huu, na sitahesabu kwamba nimepoteza kitu.

Bibi anakusalimu na kukuambia ule, hata kama haina chumvi. Baba Mdogo, Mama Mdogo na mapacha wanakusalimu. Bwana Poppe anakusalimu, na anauliza kama utauza ule mzani wa zamani. Bibi amemjibu kwamba wewe u hai, na hapa si mnadani. Mwalimu Ostrowski pia anakusalimu. Paka hawasalimu mtu, lakini wanangoja.

Pamoja na barua hii kuna kopo la biskuti. Utakuta nyota, kengele, miti na malaika mmoja ambaye bawa lake limevunjika, huyo ni kosa langu. Ng'ombe tumeoka mmoja tu, naye hatukumtia ndani ya kopo. Yuko hapa juu ya friji, penye vyeti vyetu viwili, na Bibi amesema hakuna atakayemgusa mpaka uje umle mwenyewe.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Maren